Ajitoaye Chuoni na Deni Limfuatalo

Watu wengi katika nchi zetu wanaamini kwamba mwanafunzi masikini apewaye ruzuku na Serikali ya Marekani amepewa zawadi, na kwamba akiacha masomo katikati ya muhula hasara yake ni kuikosa elimu basi. Imani hiyo si sahihi. Sheria ya nchi ile yaihesabu ruzuku kama ujira wa kibarua: hulipwa kwa siku, na siku ambayo mwanafunzi hakuwapo haina malipo. Fedha zikiwa zimekwisha kutolewa, zatakiwa zirudi. Na katika safari hiyo ya kurudi ndimo huzaliwa deni ambalo mwanafunzi hakulitazamia, wala hakuambiwa habari zake siku alipotia saini.

Jambo hili latuhusu ijapokuwa liko ng'ambo ya bahari. Mwanafunzi aendaye Marekani kwa viza ya masomo hapewi fedha hizi. Yeye hujilipia, au hulipiwa na wazazi, au chuo chenyewe humfadhili. Lakini wako ndugu zetu waliokwenda kukaa. Wako Wakongo na Warundi waliotoka kambi za Kigoma wakapokewa kule kama wakimbizi; wako Wakenya na Watanzania waliopata kibali cha ukazi wa kudumu kwa bahati nasibu ya viza au kwa ndoa. Watoto wao, ambao wengi huzungumza Kiswahili nyumbani, huziomba fedha hizo kama raia waziombavyo. Mama afanyaye kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee hana wa kumweleza maana ya karatasi aliyoitia saini mwanawe. Tena, kila yanapozuka kwetu mabishano ya mikopo ya vyuo, hakosi msemaji wa kusimama na kutuambia tuige Marekani. Yafaa basi tujue ni kitu gani tunachoambiwa tukiige.

Sheria yenyewe ilizaliwa kwa nia njema, na hatuoni haya kuisifu pale istahilipo sifa. Tarehe 8 Novemba 1965, Rais Lyndon Johnson alikwenda San Marcos, Texas, katika chuo alichosoma yeye mwenyewe, akatia saini Sheria ya Elimu ya Juu. Johnson alijua alilolifanya, kwani mwaka 1928 alikuwa mwalimu wa watoto wa Kimeksiko katika mji wa Cotulla, watoto waliokuja shuleni na njaa. Sehemu ya Nne ya sheria hiyo ndiyo iliyofungua hazina ya Serikali kwa mwanafunzi asiye na kitu. Mwaka 1972 ikaongezwa ruzuku ya msingi, ambayo tangu 1980 huitwa kwa jina la Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island. Ruzuku ya Pell hairudishwi kama mkopo. Hupewa mwenye uhitaji, na katika mwaka wa masomo wa 2025–26 kima chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Juu yake mwanafunzi aweza kukopa kwa Serikali.

Sasa, fedha zikimwagwa mahali, huja wazitafutao. Zikazuka shule za biashara zilizowaandikisha watu kwa maelfu, zikachukua ruzuku na mikopo yao, kisha hazikujali kama mtu alikaa darasani wiki mbili au miaka miwili. Mwaka 1990 Seneta Sam Nunn aliongoza uchunguzi wa Baraza la Seneti juu ya uovu huo, na taarifa ya mwaka uliofuata haikuficha kitu. Bunge likaanza kukaza kamba. Mwaka 1998 likaandika hesabu mpya ya fedha za mwanafunzi anayejitoa, na vyuo vyote vikatakiwa kuifuata kuanzia Oktoba 2000. Hesabu hiyo ndiyo inayotumika tangu wakati huo. Ilitungwa kumkamata mwizi. Imewakamata na wengine.

Nayo yaenda hivi. Siku za muhula huhesabiwa zote, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, isipokuwa mapumziko ya siku 5 mfululizo au zaidi. Mwanafunzi akijitoa katika masomo yake yote, siku alizohudhuria hugawanywa kwa siku zote za muhula. Sehemu ipatikanayo ndiyo sehemu ya msaada aliyoichuma kwa haki. Iliyobaki hakuichuma, nayo lazima irudi. Lakini akipita asilimia 60 ya muhula, husemwa kwamba ameuchuma msaada wote, na hapatakiwi kurudi kitu.

Sisi tuliosomea shule za misheni twaukumbuka mfano wa mwenye shamba la mizabibu, aliyewalipa dinari moja watu waliofika saa ya kumi na moja sawasawa na wale waliomenyeka tangu alfajiri. Mwenye shamba huyu wa Washington si yule. Yeye hushika saa mkononi, na humpimia kila mtu kwa jua lake, mpaka mtu apite alama fulani. Hapo ghafula hugeuka mkarimu akatoa dinari nzima.

Tumchukue mwanafunzi wa mfano, ili mambo yaonekane kwa tarakimu. Muhula una siku 110. Amepewa ruzuku ya Pell ya dola 3,600 na mkopo wa Serikali wa dola 1,700, jumla dola 5,300. Anaishi kwao, kwa hiyo chuo kinamdai ada tu, dola 4,000. Chuo kimekata ada yake katika fedha hizo, na dola 1,300 zilizobaki kimempa mkononi kwa nauli, vitabu na chakula. Siku ya 33 baba yake apatwa na kiharusi. Kijana ni mkubwa wa nyumba. Aacha masomo, ashika kazi ya ghala.

Siku 33 katika 110 ni asilimia 30. Amechuma basi dola 1,590. Dola 3,710 hakuzichuma. Sheria yakitaka chuo kirudishe sehemu yake kwanza: asilimia 70 ya ile ada ya dola 4,000, yaani dola 2,800, na kizirudishe ndani ya siku 45 tangu kilipojua kwamba mwanafunzi ameondoka. Fedha hizo hulipa kwanza mkopo, dola 1,700, ukafutika wote. Dola 1,100 zilizobaki hurudi katika mfuko wa Pell. Zimesalia dola 910 ambazo kwa hesabu zamhusu kijana mwenyewe. Hapo sheria ina huruma kidogo: kwa upande wa ruzuku hadaiwi isipokuwa kile kizidicho nusu ya ruzuku aliyopewa. Nusu ya 3,600 ni 1,800, na 910 haifiki huko. Serikali basi haimdai kitu.

Msomaji atasema, mbona mambo yamekwisha vizuri? Hayajaisha. Chuo kimezitoa dola 2,800 na kuzirudisha Washington. Kwa daftari la mhasibu wa chuo, ada ya kijana sasa ina pengo la dola 2,800. Na je, chuo nacho kimempunguzia ada kwa kuwa alisoma siku 33 tu? Hilo laamuliwa na kalenda ya chuo chenyewe. Vyuo vingi hurudisha ada yote kwa anayejitoa wiki ya kwanza, kisha hupunguza wiki kwa wiki, na baada ya wiki chache havirudishi hata senti. Kijana wetu yuko wiki ya tano. Ada inabaki dola 4,000 kamili. Barua imfikiayo nyumbani yamtaka alipe dola 2,800 kwa masomo ambayo hatayapata, na kwenye daftari la masomo hana hata somo moja alilomaliza.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo. Ziko kalenda mbili. Kwa kalenda ya Serikali, kijana ametumia asilimia 30 tu ya muhula, kwa hiyo asilimia 70 ya fedha irudi. Kwa kalenda ya chuo, ametumia asilimia 100, kwa hiyo ada yote ilipwe. Mtu mmoja, muhula mmoja, siku zile zile 33, na hesabu mbili zisizopatana. Serikali haipati hasara, maana imerudishiwa fedha. Chuo hakikusudii kupata hasara, maana kina dai. Tofauti ya kalenda hizo mbili yote yatwikwa yule ambaye tangu mwanzo alithibitishwa na Serikali yenyewe, kwa karatasi na mihuri, kwamba hana uwezo.

Tumlinganishe na mwenzake wa benchi moja, mtoto wa tajiri, ambaye baba yake alilipa ada taslimu. Naye aondoka siku hiyo hiyo ya 33. Amezipoteza dola 4,000 za baba yake, ni kweli, lakini hakuna barua ya deni iendayo kwao. Akitaka kuhamia chuo kingine mwaka ujao, hati yake ya matokeo anaipata kwa kuiomba. Yule masikini kwa miaka mingi hakuipata. Ilikuwa desturi ya vyuo vingi kuzuia hati ya mwenye deni hata alipe. Mwaka 2020 taasisi ya utafiti iitwayo Ithaka S+R ilikadiria kwamba watu milioni 6.6 walikuwa wamenaswa hivyo, masomo yao yamefungiwa katika makabati ya vyuo kwa madeni yaliyokaribia dola bilioni 15. Si madeni yote yaliyotokana na kujitoa. Mengine ni ya faini za maktaba na maegesho ya magari, mambo ya kipuuzi kabisa. Jimbo la California likapiga marufuku desturi hiyo kuanzia 2020, na majimbo mengine yakafuata.

Turudi kwenye ile alama ya asilimia 60, kwa sababu inastaajabisha. Katika muhula wetu wa siku 110, siku ya 66 ndiyo asilimia 60 barabara, na sheria yataka mtu apite hapo. Mwanafunzi yule yule akijitoa siku ya 66, chuo hurudisha dola 1,600, na yeye hubaki na deni hilo. Akijitoa siku ya 67, chuo hakimdai kitu. Usiku mmoja una thamani ya dola 1,600 katika daftari la chuo! Mwenye kujua husubiri usiku huo upite. Asiyejua huenda ofisini Ijumaa kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku yake ya mapumziko kazini. Sheria ambayo yamtajirisha mjuzi na kumfilisi asiyejua, watungaji wake wasiseme kwamba ni hesabu tu.

Yote hayo yahusu kujitoa katika masomo yote. Anayeacha somo moja na kubaki na mengine, habari yake ni nyingine, na wengi huzichanganya. Huyo hahesabiwi siku. Lakini vyuo vingi huweka siku ya kuhesabu wanafunzi, kwa kawaida mapema katika muhula. Somo likiachwa kabla ya siku hiyo, ruzuku ya Pell hupimwa upya. Tangu mwaka wa masomo wa 2024–25 kipimo ni asilimia ya mzigo kamili wa krediti 12: mwenye krediti 9 hupata asilimia 75, na anayeshuka chini ya hapo hupungukiwa kadiri ashukavyo. Somo likiachwa baada ya siku hiyo, ruzuku haiguswi, ila somo lenyewe laandikwa kuwa lilijaribiwa na halikumalizwa. Na neno hilo "lilijaribiwa" lina meno, kama tutakavyoona. Na akishuka chini ya nusu ya mzigo, yaani chini ya krediti 6, saa nyingine huanza kulia: ile miezi 6 ya nafuu kabla ya kuanza kulipa mikopo. Wako wanaorudi darasani mwezi wa nane na kukuta nafuu hiyo imekwisha, wala mikopo ile haitapewa nyingine.

Sheria ya tarehe 4 Julai 2025 iliongeza uzito huo. Yaagiza kwamba kuanzia 1 Julai 2026, kima cha mkopo wa mwaka kipunguzwe kwa kadiri mzigo wa mwanafunzi unavyopungua. Zamani mwenye nusu ya mzigo aliweza kukopa mpaka kima kile kile cha mwenye mzigo mzima. Kuacha somo moja basi si jambo dogo tena kwa anayeishi kwa mkopo.

Na sasa yale meno. Mwanafunzi apewaye fedha za Serikali lazima aonyeshe maendeleo ya kuridhisha. Hupimwa kwa alama zake, na hupimwa kwa mwendo: katika krediti zote alizojaribu, ni ngapi alizozimaliza? Kwa kuwa sheria hairuhusu msaada kuendelea kupita asilimia 150 ya urefu wa masomo, vyuo vingi vimeweka kwamba mtu amalize asilimia 67. Kijana wa mfano wetu, tuseme, muhula wake wa kwanza alichukua krediti 12 akafaulu zote, tena kwa alama nzuri. Muhula wa pili alichukua 12, akajitoa zote. Amejaribu 24, amemaliza 12: asilimia 50. Muhula ujao hupewa onyo, kama chuo hupima kila muhula. Asipojikwamua, msaada hukatwa. Kushindwa mtihani hakumo katika hesabu hii. Ugonjwa wa baba umehesabiwa kama uvivu wa mwana.

Iko rufaa. Chuo chaweza kumsikiliza aliyefiwa, aliyeugua, au mwenye sababu nyingine ya pekee, na kumrudishia msaada kwa majaribio. Ni njia ya haki, na twawahimiza ndugu zetu waitumie. Lakini rufaa huandikwa kwa barua, na vyeti vya daktari, na maelezo ya namna mambo yalivyobadilika. Na yule ambaye anaihitaji zaidi ndiye asiyefungua barua za chuo, maana kila barua ya chuo aliyoifungua ilikuwa ya deni.

Kuna kundi la mwisho, nalo twaogopa kuwa ndilo kubwa: wasioaga. Mtu huacha tu kwenda darasani, akadhani kwamba asipojaza fomu hajajitoa. Chuo kisicholazimishwa kuandika mahudhurio huona mwisho wa muhula kwamba amepata sifuri kila somo, kikauliza walimu kama alionekana. Asipoonekana, huhesabiwa kuwa alijitoa katikati ya muhula, kwa asilimia 50, au siku ya mwisho iliyothibitika kwamba alifanya kazi ya darasa. Fedha hurudi kwa hesabu ile ile, deni huzaliwa lile lile, na juu yake zimo sifuri ambazo huharibu alama pamoja na mwendo. Aliyekwenda kuaga hana sifuri. Kwa hiyo hata kwa sheria hii ngumu, kuaga ni bora kuliko kutoroka. Na siku ambayo mtu aingia ofisini kusema anakusudia kuondoka yaweza kuwa ndiyo siku ya hesabu, hata kabla ya kujaza fomu yoyote. Asiingie basi kabla ya kuuliza alama ya asilimia 60 itaangukia tarehe gani.

Watetezi wa sheria watatujibu kwamba fedha za umma haziwezi kuachwa mikononi mwa mtu asiyesoma. Twakubali. Chama cha wakulima na wafanyakazi hakiwezi kusema vinginevyo. Kila dola ya hazina ile imetoka katika jasho la mtu, na yule mfanyakazi wa ghala ambaye hakupata nafasi ya kwenda chuo ana haki ya kuuliza kodi yake imekwenda wapi. Watajibu pia kwamba vyuo vimekwisha kuajiri walimu na kuwasha taa, na kiti kilichoachwa wiki ya tano hakiwezi kukaliwa na mwingine. Hilo nalo ni kweli kwa kiasi. Lakini kama hasara ya kiti ni hasara ya kweli, mbona Serikali na chuo, ambao wana mifuko, hawakugawana hasara hiyo kwa kalenda moja? Mbona anayelipishwa ni yeye peke yake asiye na mfuko? Chuo ndicho kilichomkubalia, ndicho kilichoweka tarehe za kurudisha ada, ndicho chenye ofisi, wahasibu na wanasheria. Kikitakiwa na sheria kwamba ada yake ifuate zile siku ambazo Serikali yazihesabu, kijana wetu wa siku ya 33 angedaiwa dola 1,200 tu za ada, na dola 1,200 ndizo hasa zilizobaki katika daftari baada ya Washington kuchukua zake. Deni lake lingekuwa sifuri. Si muujiza, ni kalenda moja badala ya mbili.

Wala wasituambie haiwezekani. Machi 2020, maradhi ya korona yalipofunga vyuo, Bunge lile lile lilipitisha sheria iliyovisamehe vyuo na wanafunzi kurudisha fedha hizo kwa waliojitoa kwa sababu ya janga. Muhula ule haukuhesabiwa katika uhai wa ruzuku ya Pell, ambao kwa kawaida ni mihula 12 kwa maisha yote ya mtu. Kwa muda mfupi nchi nzima ikakubali kwamba mtu aweza kuacha masomo bila kosa lake. Kiharusi cha baba mmoja hakifungi vyuo, kwa hiyo hakina sheria yake. Lakini kwa nyumba ile chafanana sana na janga.

Katika jimbo la Ohio madeni ya vyuo vya umma hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo ili yadaiwe, yaani aliyeacha somo la hesabu hufuatwa na mkono ule ule unaofuata wakwepa kodi. Hata huko wameona kwamba njia hiyo haileti fedha wala wasomi. Mwaka 2022 vyuo vinane vya umma vya kaskazini mashariki mwa jimbo hilo viliungana, vikasema aliyekuwa na deni katika kimojawapo aweza kurudi kusoma katika chochote kati ya hivyo, na akisoma vizuri atasamehewa mpaka dola 5,000. Twaliona hilo kuwa la busara kuliko mengi yaliyosemwa Washington juu ya jambo hili. Chuo kimetambua kwamba mdaiwa aliyerudi darasani ni mali, na mdaiwa aliyefukuzwa ni karatasi. National Student Clearinghouse, kituo kitunzacho kumbukumbu za wanafunzi wa Marekani, kilihesabu kwamba watu wa umri wa kufanya kazi walioingia chuo wakatoka bila cheti wamepita milioni 36. Nchi gani yaweza kuwatupa watu wote hao?

Tumesema kwamba jambo hili latugusa na sisi. Kwetu hesabu ni tofauti. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliyoundwa kwa sheria ya 2004, ikaanza kazi Julai 2005, hutoa mikopo. Alichokwisha kupokea mwanafunzi, awe amemaliza au hakumaliza, ni deni, nalo likifika kazini hukatwa asilimia 15 ya mshahara tangu mabadiliko ya 2016. Sheria zetu zimewahi kurekebishwa pale zilipowaumiza watu: Siku ya Wafanyakazi ya 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, tozo iliyofanya madeni yakue wakati watu wakilipa. Lakini juu ya yule anayeahirisha masomo au kuyaacha, mabishano yetu yamekuwa zaidi ya namna ya kumkamata. Uhakiki wa wanafunzi hewa wa mwaka 2016 ulikuwa wa lazima, nasi hatuupingi. Tunachosema ni kwamba Wamarekani nao walianza kwa kumkamata mwizi, wakasahau kutenga mlango kwa mgonjwa.

Mwanafunzi wetu aliyefiwa au aliyeugua ana haki ya kujua, kabla hajabeba sanduku lake kurudi Masasi au Sumbawanga, mambo machache: fedha ya muhula huu iliyokwisha lipwa chuoni itakwenda wapi, ada atakayodaiwa na chuo ni kiasi gani, mkopo wake utamngoja hadi lini, na ni nani aandikiwe. Mzazi naye ana haki hiyo. Kama majibu yamo tayari ndani ya mwongozo, yatolewe humo na kuchapwa katika ukurasa wa kwanza wa barua ya kumkubalia mkopo, kwa Kiswahili, na mfano wa tarakimu kama huu tulioutoa hapa. Na vyuo vitakiwe kuubandika ukurasa huo katika mlango wa ofisi ya msajili kabla ya muhula kufunguliwa.